Kesi Imefutwa, Lawama Zimebaki: Tukubali Kutengenezewa Filamu?

Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 51. Naishi Moshi mjini, kwetu ni Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Tumezaliwa watatu: kaka mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kiume. Mwaka 2018 baba yetu alikutwa asubuhi amefariki kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, unaopita pembeni ya kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, akiwa na jeraha kichwani. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiishi naye, kama ilivyo desturi yetu kwa kitinda mimba, na wiki ile walikuwa wamegombana kuhusu kuuza kipande cha shamba la tambarare. Kaka alipohojiwa na polisi aliusimulia ugomvi huo. Mdogo wangu akakamatwa, akasomewa shtaka la mauaji, akakaa mahabusu katika gereza la Karanga zaidi ya miaka minne. Kila tukienda mahakamani tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Siku moja wakili wa serikali akasimama akasema DPP hana nia ya kuendelea na shauri, mdogo wangu akaachiwa.

Sasa yuko kihambani na mama. Mama anaapa kwamba mwanawe hana hatia, na hataki hata kusikia jina la kaka. Kaka anasema yeye alieleza alichokisikia tu, na tangu siku hizo hajapanda mlimani kula Krismasi na sisi. Wake zao wakikutana sokoni hawasalimiani.

Binti yangu amesomea mambo ya filamu Dar es Salaam. Tangu siku ya msiba amekuwa akirekodi kwa simu: vikao vya ukoo, mama akilia, mpaka siku kaka na mjomba walipotaka kushikana mashati. Amewaonyesha watu wa kampuni moja, nao wanataka kutengeneza filamu ya makala kuhusu familia yetu, kwa malipo. Mdogo wangu amefurahi, anasema jina lake litasafishwa. Mama amekubali. Kaka amesema atakayemtaja atakutana naye mahakamani. Binti anasema bila mimi hakuna filamu, kwa sababu ni mimi peke yangu ninayeongea na pande zote. Karatasi za kusaini ziko mezani kwangu. Nifanyeje?

Dada wa Katikati, Moshi

* * *

Mwanangu, pole kwa msiba wa baba, na pole kwa yote yaliyofuata, maana naona hamjapata hata nafasi ya kumlilia kama watoto wa baba mmoja.

Nitaanza na jibu, sababu zitafuata: usisaini. Sina ugomvi na filamu, wala simlaumu binti yako. Ila kila mmoja wenu anaitaka filamu hiyo impe kitu ambacho haina uwezo wa kukitoa, na atakayelipa gharama yake ni yule asiyeitaka.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Umenieleza anachoamini mama, anachosema kaka, anachotaka mdogo wako na anachopanga binti yako. Hukuniambia wewe unaamini nini. Nadhani hukusahau. Nadhani hujui, na pembeni ya moyo wako kuna tumaini kwamba waandishi hawa wenye kamera watachimba, watahoji, na mwisho watakwambia kama mdogo wako alimuua baba yenu au hakumuua. Kama ndivyo, lijue tumaini hilo kabla hujashika kalamu, kwa kuwa ndilo linalokuvuta kuliko zile fedha.

Tuanze na mahakama. Nyumbani kwenu mnatumia neno moja, "ameachiwa", na kila mtu analipa maana anayoipenda. Kisheria, milango ya kutokea kwenye kesi ya jinai ni mingi na haifanani. DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, anaposema hana nia ya kuendelea, shtaka huondolewa na mshtakiwa huenda nyumbani, lakini mahakama haijapima ushahidi wala haijatamka lolote kuhusu hatia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haimkatazi kabisa DPP kumshtaki tena mtu huyo kwa mambo yale yale. Kwa hiyo mama akisema "mahakama imemsafisha" anakosea, na kaka akisema "ameponyoka" naye anakosea. Hakuna jaji aliyewahi kuisikiliza hadithi yenu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Linganisha na familia ya jirani zenu ambayo nchi nzima iliifuatilia. Erasto Msuya, mfanyabiashara wa tanzanite, aliuawa kwa risasi wilayani Hai Agosti 2013. Mei 2016 dada yake, Aneth, naye akauawa nyumbani kwake Kigamboni. Aliyefikishwa mahakamani kwa kifo cha Aneth ni wifi yake, Miriam Mrita, mjane wa Erasto, pamoja na mwenzake mmoja. Mama huyo alikaa mahabusu zaidi ya miaka 7, kwa sababu shtaka la mauaji halina dhamana, mpaka Februari 2024 Mahakama Kuu ilipowaona hawana hatia na kuwaachia huru. Hapo jaji alisikiliza mashahidi, akapima, akaamua kwamba mashtaka hayakuthibitishwa. Huo ni mlango tofauti kabisa na aliotokea mdogo wako. Na hata hivyo fikiria ukoo wenye makaburi mawili na shemeji aliyerudi baada ya miaka yote hiyo. Hukumu ilimfungulia mlango wa gereza. Namna ya watu hao kusalimiana msibani haimo katika hukumu.

Mfano mwingine unaujua. Mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, na wanawe watatu walihukumiwa kifungo cha maisha katika Mahakama ya Kisutu Juni 2004 kwa makosa ya kubaka watoto wa shule ya msingi. Februari 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wana wawili, ikamwacha gerezani baba na mwanawe Johnson, yule Papii Kocha. Desemba 9, 2017, Rais Magufuli akawasamehe waliobaki. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikasema haki yao ya kusikilizwa kwa haki ilivunjwa, kwa mambo kama kunyimwa nakala za maelezo ya mashahidi. Rufaa ikaigawa familia moja katikati. Msamaha ukaondoa adhabu bila kusema hawakutenda. Mahakama ya Arusha ikakosoa namna kesi ilivyoendeshwa. Watu walioshangilia barabarani siku ya msamaha na wazazi wa watoto wale hawakuwa wameisikia habari hiyo kwa sikio moja, na mpaka leo mabishano hayajaisha. Kama mahakama za ngazi zote hizo hazikuumaliza ubishi, mtu wa kamera mwenye miezi sita ya kupiga picha atauweza?

Sasa tuje kwenye filamu zenyewe, kwa sababu jambo lenu lina mfano wake Marekani, tena wa karibu mno. Mwaka 1987, mjini Great Neck karibu na New York, polisi walimkamata mwalimu mstaafu Arnold Friedman na mwanawe Jesse, kwa tuhuma za kuwadhulumu kingono watoto waliokuwa wakifundishwa kompyuta nyumbani kwao. Wote wawili walikiri mahakamani mwaka uliofuata. Baba alifia gerezani mwaka 1995. Jesse alitoka mwaka 2001, akisema alikiri kwa kuogopa kifungo kirefu zaidi. Kumbe katika miezi ile ya kesi, kaka yake David alikuwa akirekodi kwa kamera ya video ugomvi wa familia mezani: wana wakimkemea mama yao kwa kutosimama na baba, mama naye akilia. Mtengeneza filamu Andrew Jarecki alizipata picha hizo, na mwaka 2003 ikatoka filamu Capturing the Friedmans. Ilishinda tuzo kubwa ya tamasha la Sundance, ikateuliwa kuwania Oscar.

Nakuomba uyaangalie mambo mawili katika kisa hicho. La kwanza, kaka wa tatu, Seth, alikataa kuhojiwa. Kukataa kwake hakukumtoa, kwa kuwa sura yake tangu utotoni imo katika mikanda ya nyumbani, na dunia nzima imemwona. Kaka yako amekataa vilevile, lakini simu ya binti yako tayari inaye, tena siku ya hasira yake. La pili, filamu haikumaliza jambo. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilieleza kuwa upo uwezekano wa maana kwamba Jesse alihukumiwa kimakosa, ingawa haikuiondoa hukumu. Mwaka 2013 ofisi ya mwendesha mashtaka wa eneo lile ilimaliza kuipitia kesi upya na kusema hukumu ilikuwa sahihi. Miaka kumi baada ya filamu, shaka ilikuwa pale pale, ila sasa iko katika kila nyumba yenye televisheni.

Na hapa ndipo lilipo neno langu kuu kwako. Shaka ni mali kwa mtengeneza filamu. Filamu inayomaliza kwa swali, "je, alifanya au hakufanya?", ndiyo inayofanya watu wabishane wakitoka ukumbini, na ndiyo inayopata tuzo. Yeye anaruhusiwa kumaliza na swali, akafunga masanduku yake akaenda. Ninyi mtabaki na swali hilo kwenye kihamba kimoja, mkichota maji bomba moja, na sasa kijiji kizima kitakuwa kimepiga kura.

Usidhani pia kwamba kukaa nanyi muda mrefu kutawafanya watu wa filamu wawe waamuzi wa haki. Mfaransa Jean-Xavier de Lestrade alifuatilia kesi ya mwandishi Michael Peterson, aliyeshtakiwa kwa kifo cha mkewe Kathleen, aliyekutwa chini ya ngazi nyumbani kwao North Carolina Desemba 2001. Filamu yake ya mfululizo, The Staircase, ilianza kuonyeshwa mwaka 2004. Watoto wa nyumba ile waligawanyika: wengine walisimama na Peterson, binti wa Kathleen akageuka upande wa mashtaka. Baadaye ilijulikana kwamba mhariri wa filamu hiyo, yule aliyekuwa akichagua kipi kionekane na kipi kikatwe, alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na Peterson kwa miaka kadhaa. Sisemi kazi yake haikuwa ya haki. Nasema mtu akiwa na mkasi mkononi na moyo kifuani, uchaguzi hautoki hewani. Katika filamu yenu mwenye mkasi atakuwa nani? Ni binti yako, mjukuu wa marehemu na wa bibi anayeapa kwamba mjomba hana hatia. Mpende, lakini usimtwike mzigo wa kuwa jaji wa wajomba zake.

Sasa niongee na kila upande kupitia kwako.

Kaka yako. Kwa maelezo yako, alihojiwa na polisi akasimulia ugomvi aliousikia. Hakusema aliona mtu akiuawa. Shahidi anayeulizwa ana wajibu wa kusema kweli, na kama angeficha kisha ikajulikana, leo mngekuwa mnamlaumu kwa lingine. Lakini yako mambo ambayo hakuna polisi aliyemlazimisha. Je, aliwahi kwenda Karanga hata siku moja na sabuni na sukari? Je, aliuliza watoto wa mdogo wake wamelipiwa ada na nani? Hapo ndipo lilipo jeraha ambalo mama yenu analitaja kwa jina jingine.

Mdogo wako. Miaka minne bila hukumu ni dhuluma hata kama mtu angekuwa na hatia, na kutaka jina lisafishwe ni haki yake. Lakini anatakiwa aambiwe ukweli na wakili, si na mwenye kamera: kesi yake inaweza kufufuliwa, na kila atakachosema kwenye filamu kinaweza kusomwa na wapelelezi. Akikosea tarehe moja, akijikanyaga kidogo kuhusu ule ugomvi, filamu ya kumsafisha itageuka kuwa maelezo ya onyo aliyoyatoa bila wakili. Mpeleke pia akaonwe kwa ajili ya afya ya akili, hospitali ya Mawenzi au KCMC. Aliyekaa mahabusu muda wote huo akisubiri kesi ambayo adhabu yake ni kunyongwa hawezi kurudi shambani siku ya pili kana kwamba alikuwa safarini.

Mama yenu amepoteza mume, kisha mwana mmoja kwa gereza na mwingine kwa chuki. Mama wa namna hiyo atakubali chochote kitakachomtetea mwanawe. Ridhaa yake msiichukue kirahisi.

Kuna jambo ambalo hukuliandika, nami nalisikia likipita chini ya barua nzima. Baba alifariki mwaka 2018. Msimamizi wa mirathi ni nani? Kile kipande cha tambarare kiko kwa jina la nani leo? Mlima wenu unajua habari za ardhi. Mwanazuoni Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria za kimila Kilimanjaro kati ya 1880 na 1980, alionyesha jinsi ardhi ilivyozidi kuwa haba na namna ndugu wanavyobeba ugomvi wa kihamba kwa miaka na miaka, kila tukio jipya likiingizwa kwenye hesabu ya zamani. Kama mirathi haijafunguliwa, basi kila neno litakalotamkwa mbele ya kamera, "aliua" au "alisingizia", litakuwa pia hoja ya nani arithi. Nendeni Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi ambaye pande zote mbili zinamkubali, hata akiwa mjomba au mzee wa ukoo. Hilo litapunguza moto kuliko filamu kumi.

Kisha itisha kikao. Kisiwe cha ukoo mzima, wala kisiwe na simu inayorekodi. Wewe, ndugu zako wawili, mzee mmoja mnayemheshimu wote, na kama mkipenda, padri au mchungaji. Ajenda isiwe "nani alimuua baba". Hilo hamna uwezo wa kuliamua, na mkilianza kikao kitavunjika kabla chai haijapoa. Ajenda iwe yale mnayoyajua kwa hakika.

Kwenu kuna desturi ya majani ya masale: anayekwenda kuomba radhi akiwa na jani hilo, aliyekosewa ana wajibu wa kumsikiliza. Najua kwa nini haijatumika. Mdogo wako hawezi kupeleka sale kwa kifo anachosema hakukitenda, na kaka hawezi kulipeleka kwa kusema alichokisikia. Basi kila mmoja alipeleke kwa kosa lake lililo wazi. Kaka alipeleke kwa kumtelekeza mdogo wake Karanga, kama kweli hakwenda. Mdogo alipeleke kwa maneno aliyomrushia baba wiki ile ya mwisho, na kwa yale anayomrushia kaka sasa, kama yapo. Amani ya namna hiyo haijibu swali kubwa. Inawawezesha tu kuishi nalo bila kuuana kwa macho, na watoto wenu wakasalimiana.

Kuhusu binti yako na karatasi zile, fanya hivi:

Kwanza, picha zote alizorekodi zitolewe mikononi mwa kampuni, au kama bado hajazikabidhi, zisikabidhiwe. Mwambie awaandikie kwamba familia haijaridhia, na abaki na nakala ya barua hiyo.

Pili, mikataba isomwe na wakili kabla ya mtu yeyote kusaini, mama akiwemo. Kama uwezo ni mdogo, hapo Moshi liko shirika la KWIECO linalotoa msaada wa kisheria. Muulize wakili mambo matatu: nani atamiliki picha hizo daima, kama mtu anaweza kuondoa ridhaa yake baadaye, na nani atashtakiwa iwapo aliyetajwa ataona amekashifiwa. Tangu mwaka 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini, na kampuni yoyote makini inajua kwamba sura na habari za mtu si mali ya jamaa yake. Kampuni hiyo ioneshe pia kibali chake cha Bodi ya Filamu.

Tatu, watoto. Watoto wa aliyeshtakiwa na wa aliyetoa maelezo wako shuleni. Majina yao, sura zao, shule zao na nyumba zao visionekane kwa namna yoyote. Hili halina mjadala, hata ninyi wakubwa mkikubaliana yote mengine.

Nne, ikitokea siku moja mkataka filamu, sharti liwe moja: ndugu wote watatu mmekubali, kwa maandishi, bila kushinikizwa na fedha wala na machozi ya mama. Mmoja akisema hapana, jibu ni hapana. Binti yako atachukia. Mwambie kipaji chake kinaonekana, na kwamba mlima una visa vingi vya kupigwa picha ambavyo havihitaji kumuuza mjomba ili kumtetea mwingine.

Mwisho, hilo la kuwa katikati. Binti amekwambia bila wewe hakuna filamu, na ni kweli. Lakini maana yake ni kwamba bila wewe hakuna hata familia, kwa sasa. Wewe ndiye mtu pekee ambaye ndugu zako wote wawili bado wanapokea simu yake. Ukikaa mbele ya kamera, hata useme kwa uangalifu gani, mmoja wao atasikia umechagua upande, na hapo hakutakuwa tena na wa kuwapigia. Usiiuze nafasi hiyo kwa bei yoyote.

Hujui kama mdogo wako alitenda, nawe una haki ya kutojua. Huna lazima ya kuapa kama mama wala ya kulaumu kama kaka ili uwe dada yao. Rudisha karatasi bila saini, mpigie kaka yako wiki hii, na umwombe jambo moja tu: Desemba hii apande Kibosho.